Joka Langu na Matanga ya Mzee Tondoro

Jumamosi, 7 Juni

Dunia yangu imezaliwa leo! Ukumbi wa Kaloleni, saa nane mchana, meza ya karibu na dirisha lililovunjika. Inaitwa Nchi ya Zumbara, nchi ya mchezo wetu wa kusimulia mezani. Nimeichora mwaka mzima nyuma ya maboksi ya sabuni kutoka kazini. Ina misitu, miji, bahari mbili, na katikati Mlima Ngurumo, ambako linaishi joka langu. Meno yake tu yalinimalizia Pasaka yote.

Nikawaeleza wachezaji wangu watatu, Luseno, Ayuma na Issack: kila mtu ana mhusika wake, dadu ndiyo huamua, na mimi ndiye dunia yote iliyobaki. Nikatangaza kwa sauti kwamba Zumbara iko wazi, waende popote wapendapo. Uongo mtupu. Barabara zote zinapanda Mlima Ngurumo.

Mchezo ulipoanza, wakaingia hotelini kwa Mzee Tondoro, mmoja wa watu wangu wa Zumbara. Huyo mzee nilimpa sentensi moja tu, awaambie mlimani kuna joka. Akawaambia. "Hiyo joka haijanikosea, buda," Luseno akasema. Ayuma akamuuliza mzee ana watoto wangapi. Issack akaagiza chai nyingine. Wakakaa hapo mpaka ukumbi ukafungwa!

Upande wa pili wa ukumbi, Phelister na kundi lake la mchezo walikuwa wakicheka kila saa. Phelister tulisoma naye. Tangu zamani anafanya kila ninachofanya, ila yeye anakifanya vizuri. Na sasa balaa: kwaya imechukua nusu ya ukumbi kuanzia Julai. Itabaki meza moja tu ya mchezo. Wachezaji wote watapiga kura nani aiongoze, mimi Kweyu au Phelister. Mimi niongozwe na Phelister! Heri nihamie Kware nikacheze karata.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilipata wazo. Joka litamuua Mzee Tondoro! Wanampenda, watataka kulipiza kisasi, watapanda mlima mbio. Mimi ni hatari. Wimbo wa mwisho niliuimba kwa nguvu mpaka mama akanigeukia.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemuua. Joka likashuka, hoteli ikawaka, mzee akafa akiwa ameshika birika. Nilisimulia mpaka machozi yakanilenga. Nikasubiri panga zichomolewe.

Luseno akavua kofia. Ayuma akauliza mzee atazikwa wapi. Nikasema hapo hapo hotelini, tena upesi, maana joka linatoroka. Wakanitazama kama mtu aliyetukana.

"Buda, hapo alikuwa amepanga tu," Luseno akasema. "Kwani kwao ni wapi?"

Kwao! Sikuwa nimemchorea kwao! Nikababaika, nikaweka kidole popote kwenye ramani. Kikatua pembe ya magharibi kabisa, mbali na mlima, mahali nilipokuwa nimechora ng'ombe mmoja basi.

Ikaundwa kamati ya matanga. Ayuma mwenyekiti. Issack akasema kwao marehemu huzikwa siku hiyo hiyo. Ayuma akasema mzee hazikwi kabla wakwe hawajafika. Wakabishana hadi jioni. Nikawakumbusha kwamba joka bado linaonekana angani. "Wewe, heshimu wafiwa," nikaambiwa. Mezani kwa Phelister watu wawili walikuwa wamegeuza viti kutusikiliza. Wananicheka, najua.

Jumatatu, 16 Juni

Mama alinikuta nikichora boma la marehemu. Akauliza ni nani amefariki. Nikamweleza ni mtu wa mchezo. Akasema pole, kisha akauliza kama ameacha mjane. Nikasema hakuwa na mke. Mama akacheka. Akasema mzee wa umri huo, na hoteli yake, ngoja siku ya mazishi utamwona mke akitokea na watoto. Mama hajui lolote kuhusu Zumbara.

Mimi nina mpango. Nitaweka majambazi kwenye njia ya kwenda bomani. Wachezaji wakitimua mbio, pa kukimbilia ni mahali pamoja tu, mlimani!

Jumamosi, 21 Juni

Majambazi wamesaidia kubeba jeneza. Ayuma aliwauliza kama wao hawajawahi kufiwa, akarusha dadu, ikaanguka sita. Ningefanyaje?

Kwa hasira nikalituma joka lenyewe. Mabawa mapana kama mabati ya Kariobangi nzima! Moto puani! Ayuma akasimama, mikono kiunoni, akaliambia joka lisithubutu kukaribia jeneza la mtu liliyemuua, isipokuwa kama limekuja kuomba msamaha mbele ya ukoo. Dadu tena. Sita tena! Joka langu likainamisha kichwa. Sasa linafuata msafara nyuma limebeba viti vya wageni.

Kugeuka, ukumbi wote umetuzunguka. Kundi zima la Phelister! Yeye mwenyewe akavuta kiti, akaomba kuingia. Kama nani? Kama mjane. Akaanza kuomboleza pale pale, akidai watoto wako njiani. Issack alicheka mpaka akashika meza. Kura ikapigwa papo hapo. Mikono yote ikanyooshwa kwa ajili yangu, hata wa Phelister! Alisema hajawahi kuona dunia iliyo wazi namna hii. Nilifurahi sana. Nikapangusa macho, nikasingizia vumbi.

Jumatatu, 23 Juni

Nimefikiria sana kwa nini nilishinda. Jibu ni joka. Watu walikuja kuliona joka, na wana hamu ya kuliona nyumbani kwake. Wanahitaji kusukumwa kidogo tu.

Jumamosi, kando ya kaburi, mjane ataanguka na kufa kwa huzuni. Phelister ataumia kidogo, atazoea. Luseno atauliza kwao ni wapi, na safari hii niko tayari. Mjane alizaliwa kileleni mwa Mlima Ngurumo! Nimeshachora nyumba ya wazazi wake, jirani na pango. Watambeba wenyewe hadi juu!

Nilimdokezea mama tukinywa chai. Akaweka kikombe chini. Akasema mke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe, hapo hapo bomani, kando ya kaburi lake, na hakuna mtu mwenye akili atakayemrudisha kwa wazazi.

Nikamwambia atulie, huu ni mchezo tu, watu hawaleti mambo kama hayo mezani. Jumamosi mjane anakufa.