Naomba Jirani Zangu Waache Kunielewa

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Kizwite, Sumbawanga.

Shikamoo. Mimi ni Polikarp, fundi cherehani, mkazi wako kwa miaka kumi na tisa sasa, ambaye hujawahi kumsikia.

Mwezi uliopita Mwalimu Lydia alikuja kwenye jumuiya yetu ya sala, akatufundisha kwamba watu ni wa aina mbili: wachangamfu, wanaopata nguvu wakiwa na wenzao, na wakimya, wanaopata nguvu wakiwa peke yao. Akauliza wakimya ni akina nani. Nikanyoosha mkono, kosa ninalolijutia hadi leo. Akawaasa majirani kwamba watu kama mimi tunahitaji kueleweka. Tangu siku hiyo wananielewa bila kupumzika, na malalamiko yangu ni haya:

1. Debora, jirani wa ukuta kwa ukuta, huja kunielewa kila asubuhi na uji wa ulezi. Nilipomweleza kwa adabu kwamba sipendi maongezi, alivuta kigoda akaketi. "Wewe nyamaza tu, kaka," akasema. "Nitaongea kwa niaba yetu wote wawili." Huongea mpaka saa nne.

2. Jumuiya ilikuja kwangu kuwaombea wakimya. Walikuwa watu arobaini na ngoma mbili.

3. Nilikimbilia shambani, nikaketi katikati ya mahindi ili nipate nguvu. Wakadhani nimepotea. Nikatangazwa kwa kipaza sauti mtaa mzima, pamoja na rangi ya suruali yangu na kiraka chake. Nilipojitokeza, walinikumbatia mmoja mmoja. Mzee Eustaki alinikumbatia mara mbili.

Kwa hiyo naomba ofisi yako iamuru nisalimiwe Jumanne na Ijumaa tu, kwa kupungiwa mkono kutoka mbali. Mtaa ugawanywe, wakimya tukae upande wa juu. Na Debora ahamishiwe Chanji. Kigoda nitampa.

Wasalimie wote ofisini, ila wasije kuitikia.

Wako katika utulivu,
Polikarp

Nyongeza: Barua hii anakuletea Debora mwenyewe, kwa kuwa ofisini kwako kuna watu wengi nami siwezi kuongea nao. Ameisoma, akasema haina makali, ataongezea kwa mdomo. Nakuomba sana usimcheleweshe. Ameniacha katikati ya habari za harusi ya binamu yake huko Kaengesa, na bwana harusi bado hajaonekana.