Sac ya Kukimbia na Sahani za Wageni

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Tonton Grégoire, chef wetu wa avenue, mukubwa wa barabara yetu, amepita nyumba kwa nyumba. Anasema mvula ya mwaka huu ni mbaya, mulima unaweza kushuka saa yoyote, kwa hiyo kila nyumba itengeneze sac ya kukimbia nayo, mufuko wa vitu vya lazima. Sac moja, mutu mumoja aibebe. Jumamosi asubuhi tutafanya mazoezi: tutapanda nazo mpaka kiwanja cha paroisse, kule kanisani, naye atazifungua mbele ya watu wote. Mama ambaye sac yake iko sawa atapewa sifflet, filimbi kabisa kama ya arbitre wa mpira. Huyo ndiye ataamsha avenue siku ya hatari.

Ile sifflet ni yangu. Mwaka jana ukuta wetu wa nyuma ulipoanguka, nililia mpaka sauti ikakauka. Hakuna mutu alitoka. Kesho yake walisema walinisikia vizuri sana, lakini walifikiri ni mimi tu, Maman Ornella, analia kila mvula. Ni kweli, nalia kila mvula. Lakini ile siku ukuta ulianguka! Sauti yangu wameizoea. Wakisikia sifflet, watatoka.

Shida ni jirani, Maman Domitille. Naye anaitaka. Binti yake amemutumia valise ya magurudumu kutoka Kinshasa. Tangu asubuhi anaitembeza mbele ya nyumba kama mutoto anayefundishwa kutembea.

Jumanne, tarehe 5

Sac iko tayari. Ni ile ya zamani ya shule ya Ornella, binti yangu. Yeye alinisomea ndani ya telefone yake vitu vinavyotakiwa. Maji, tochi, viberiti, dawa, sabuni, makaratasi ya nyumba, chakula kisichooza. Nikaweka vyote. Sambaza kavu, zile samaki ndogo za ziwa, unga, chumvi. Nikaisimamisha kwa mulango. Nikaiangalia. Kitu kinakosekana.

Wageni!

Tukikimbilia paroisse, watu watakuja kutupa pole. Familia ya bwana yangu itashuka yote kutoka Walungu. Nitawapokea na nini? Mama mukwe atakaa chini ya bâche, ile turubai, ataangalia huku na huku, atasema mulima umeshuka, sawa, lakini kwa Eulalie, ndiye mimi, hata chai hakuna.

Nikaongeza thermos, sukari, sahani za chuma zile za wageni, na kitambaa cha meza. Ornella akasema ndani ya telefone hawakuandika kitambaa cha meza. Nikamuuliza kama walioandika yale mambo wako na mama mukwe. 

Jumatano, tarehe 6

Courant, ndiyo umeme, imekatika. Papa Ornella, bwana yangu, amechukua tochi ndani ya sac. Nikamukataza, nikasema ile ni ya hatari. Akajibu kwamba tochi ni ya giza, na giza ndiyo hii. Kisha akachukua viberiti. Ornella akachukua sabuni, eti ataleta ingine. Mimi nilichukua chumvi kidogo, lakini mimi niko na haki, ni mimi nilipanga. Sambaza zinapungua. Kila mutu ameapa hakula. Paka hatuna.

Maman Domitille alipita kutusalimia. Uongo, alikuja kupima sac kwa macho. Aliuliza kama tunahama. Akasema ya kwake inatembea yenyewe. Nikamwambia basi Jumamosi iende yenyewe, yeye abaki alale.

Ijumaa, tarehe 8

Nimefungua sac. Maji wamekunywa. Unga umekuwa fufu ya jana (fufu ilikuwa nzuri, sikuuliza). Makaratasi, Papa Ornella ameyaficha mahali pazuri zaidi, amesahau wapi. Vitu vya wageni tu havikuguswa. Angalau wako na heshima kidogo.

Wizi huu umeisha leo. Nimenunua cadenas kwa soko ya Kadutu, kufuli ya kutisha. Na kwa sababu nafasi ilibaki, nimeongeza sahani zingine na sufuria mbili. Ufunguo nimeuweka ndani ya thermos, thermos ndani ya sac, nikafunga. Sasa waje.

Jumamosi, tarehe 9

 Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Tonton Grégoire aliita na mégaphone, kile kipaza sauti, juu na chini. Hakuna mutu. Kila mutu alingojea mwingine atoke kwanza. Kwa barabara tulikuwa yeye, mimi na Domitille na valise yake.

Nikaweka mukanda wa sac kwa paji la uso, kama mama yangu alivyobeba makala ya kupikia. Nikaanza kupanda. Na sahani zikaanza! Kila hatua, kelele. Kwa ngazi niliteleza kidogo, sufuria nazo zikaingia kwa kelele. Milango ikafunguka. Papa mumoja alitoka na mswaki kinywani, akauliza kama ni mulima. Wakatoka wote, na watoto, na wazee, wakanifuata. Nyuma yangu valise ya Domitille ilikwama ndani ya matope, gurudumu moja likarudi chini peke yake.

Kwa paroisse, Tonton Grégoire akasema nifungue. Nikasema iko na cadenas. Akasema nilete ufunguo. Nikasema uko salama, uko ndani.

Papa Ornella akatoka kati ya watu. Alitafuta jiwe, akavunja cadenas. Sahani zikamwagika kwa majani. Chef akauliza maji iko wapi, tochi iko wapi. Nikajibu ziko nyumbani, zinatumika. Domitille alicheka mpaka akafunga upya kikwembe kiunoni. Aliuliza ni ndoa ya nani.

Nikaangalia chini. Nikajua nitaendelea kulia bure kila mvula.

Tonton Grégoire akakohoa. Akasema hajaona sac mbaya kama hii tangu azaliwe. Lakini yeye na mégaphone yake hakutoa hata kuku nje, na hizi sahani zimetoa avenue nzima. Akanivalisha sifflet kwa shingo. Domitille akalalamika kwamba naye yuko na sahani.

Jumapili, tarehe 10

Baada ya misa, watu wote wamenisalimia. Maman Sifflet, Maman Sifflet. Kwa hiyo sac ilikuwa nzuri. Sahani zinabaki.

Lakini sifflet haina usalama ndani ya nyumba hii. Papa Ornella ameipiga saa sita kuuliza chakula. Domitille naye amepita mara mbili, anaiangalia. Nimeifunga ndani ya kitambaa cha meza, katikati ya sac. Nimeweka cadenas mupya, kubwa kuliko ile.

Na nimepata akili. Cadenas hii inakuja na funguo mbili. Wa kwanza uko ndani ya thermos, pale nimeuzoea. Wa pili, ikiwa wa kwanza utapotea, nimeufunga kwa kamba ya sifflet.

Mvula inakuja upande wa ziwa. Leo siogopi.