Wimbo wa Kungoja Ng'ombe

Jumamosi, 27 Desemba

Nimenunua daftari jipya. La mwaka jana lina kurasa nyingi tupu, lakini zilizoandikwa zinavunja moyo. Tarehe 3 Januari: nyuki wamefika. Tarehe 19: nyuki wamehamia kwa jirani. Basi, tuanze upya!

Mipango ya mwaka ujao. Kupiga litungu. Kuchimba bwawa la samaki. Kukimbia alfajiri kabla watu hawajaamka kunicheka. Nimemsomea mke wangu Ghati. Akauliza kama mzinga wa nyuki utaondoka, maana kuku wake ameanza kutagia humo. Nikamwambia mzinga ni wa mwaka jana, hauhusiki.

Litungu, kinubi cha kwetu, ndilo jambo kubwa. Baba alikuwa nalo, la nyuzi nane, na kila jioni alikaa nje ya boma kule Kenyamonta akapiga wimbo mmoja tu, wa kungoja ng'ombe warudi. Sisi tuliokuwa machungani tukiusikia tulianza kukimbia, tukijua kuna maziwa. Baba ana miaka kumi na minane kaburini, na leo ndiyo nimekumbuka kwamba sikuwahi kumwomba anifundishe. Imeniuma sana. Halafu nimefurahi, maana mwaka mpya uko karibu.

Jumapili, 28 Desemba

Balaa! Mdogo wangu Isack, anayeishi na Mama Kenyamonta, amepiga simu. Litungu la Baba linaondoka. Hoteli moja ya watalii imeliomba ilitundike ukutani, mapokezi, katikati ya pembe za nyati. Isack ameshakubali. Isack angekubali kutundikwa mwenyewe kama wangempa soda.

Mama ameweka sharti. Siku ya Mwaka Mpya tukikusanyika, akitokea mtoto wa Baba anayeweza kupiga wimbo wa kungoja ng'ombe, litungu halitoki. Asipotokea, liende likaangaliwe na watu kuliko kukaa darini na panya. Nikajisikia nikisema kwamba wimbo huo naujua mwanzo hadi mwisho. Isack alicheka mpaka nikakata simu.

Siku nne. Zinatosha. Vidole vyangu ni vya Baba kabisa.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimetengeneza litungu la mazoezi. Debe la mafuta, ngozi ya mbuzi wa Krismasi, nyuzi za nailoni. Nyuzi nimeziomba kwa Oduol. Huyu ndiye jirani mwenye nyuki wangu. Muuguzi mstaafu, Mjaluo wa Shirati, aliletwa zahanati ya hapa Ringwani akiwa kijana mwembamba, akasahau kurudi. Kila ninachokianza mimi, yeye anakiweza. Kwa hiyo sikumwambia kitu. Nikasema navua samaki. Akauliza wapi, maana ziwa liko mbali. Nikasema kwenye bwawa langu. Akauliza bwawa gani. Mtu mdadisi sana!

Mchana mvua ikanyesha, ngozi ikalegea. Nikaibandua na kuianika juu ya moto jikoni. Saa kumi mbwa alikuwa nayo nyuma ya choo.

Jumanne, 30 Desemba

Bila ngozi, debe linalia kama debe. Nimepiga tangu asubuhi. Lakini shida si debe. Wimbo wenyewe umenitoroka. Nakumbuka mwanzo wake, halafu nakumbuka harufu ya moshi kwenye kibuyu cha maziwa, na Baba amefumba macho, na mguu wake unagonga chini. Nakumbuka kila kilichouzunguka wimbo, wimbo wenyewe siupati. Nimelia kidogo. Nikamwambia Ghati ni vitunguu. Akasema vitunguu viliisha tangu Krismasi.

Jioni Oduol akaja uani. Nikajua amekuja kulalamikia kelele. Akasema ninachokitafuta hakiendi hivyo, akakunja midomo, akaupiga kwa mluzi. Wimbo wote! Niliona wivu mpaka masikio yakapata moto.

Kumbe mwaka 1990 alienda kwa Baba kumfunga kidonda, akamrekodi kwa redio yake ya kaseti. Baba yake yeye alikuwa mpiga nyatiti, litungu la Kijaluo, basi kila akikumbuka kwao, anamsikiliza wa kwangu. Ameisikiliza mpaka hata maneno ya Baba ya kilugha anayasema kwa sauti ileile. Miaka thelathini na mitano ana Baba yangu kabatini! Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema aliwahi kuja kuniambia, nikawa juu ya mti nakimbia nyuki.

Jumatano, 31 Desemba

Kanda bado inalia! Inakwaruza kidogo tu. Nimeiacha simu yangu iirekodi sebuleni kwa Oduol, sisi tukiongea uani. Akajitolea kunifundisha, kila Jumamosi, mwaka mzima. Nikamwambia mwaka mzima sina, nina mpaka kesho. Akanisihi basi angalau nisikilize kanda yote. Nikamwambia mtu akishaujua wimbo mwanzo, mwisho wake unajulikana. Nikawahi nyumbani kujaribu koti.

Mpango ni huu. Simu mfuko wa ndani, litungu kifuani, vidole vinachezacheza. Huo si uongo. Atakayesikika ni Baba, na litungu ni la Baba. Mimi nawakutanisha tu.

Alhamisi, 1 Januari

Jua la kuchoma. Kenyamonta nzima mwenye koti ni mimi. Nikampa Mama shikamoo, akanigusa paji la uso, akauliza kama nina malaria. Ana miaka themanini na sita na bado anajua kunipima.

Baada ya kula, litungu likashushwa darini, likafutwa vumbi. Nyuzi nane zimebaki sita. Isack alikuwa na namba ya mtu wa hoteli tayari kwenye simu. Nikakaa kwenye kigoda cha Baba. Nikabonyeza.

Loo! Mama akafumba macho, na mguu wake ukaanza kugonga chini. Isack akaacha kutafuna. Mimi mwenyewe nikasahau kuchezesha vidole, nikawa mtoto tena, nakimbilia maziwa. Nilikuwa nimeshashinda.

Ghafla wimbo ukakatika, na kutoka kifuani mwangu Baba akafoka kwa kilugha chetu, kwa nguvu zake zote: Nchagwa, toa hao ng'ombe kwenye mahindi!

Nikainuka. Naapa! Nina miaka hamsini na mitatu, lakini niliweka litungu chini nikatoka mbio mpaka nyuma ya boma. Ng'ombe hakuna. Mahindi hakuna. Ndipo nikakumbuka siku ile ya mwaka 1990, na fimbo iliyofuata.

Niliporudi Isack alikuwa chini ameshika mbavu. Mama hakucheka. Akaingiza mkono kwenye koti langu, akatoa simu, akaishika kwa mikono miwili. Akaomba arudiwe. Tukamrudia mara tano. Kila Baba akifoka, Mama alimjibu taratibu kwamba amwache mtoto, ameshaenda. Nililia mbele ya watu na sikutaja vitunguu.

Halafu akasema litungu haliendi hotelini, mwenyewe bado yupo. Nilichukue nikajifunze kwelikweli. Mwaka Mpya ujao atanisikiliza tena, na nitapiga bila koti. Nikishindwa, Isack ampigie mtu wake. Akaniomba nijitahidi, maana umri wake si wa kungojangoja.

Ijumaa, 2 Januari

Litungu liko Ringwani. Nimelitundika ukutani sebuleni. Limependeza sana. Oduol amesema tuanze kesho saa kumi.

Jumamosi, 3 Januari

Somo nimeliahirisha. Mtu hawezi kuruka moja kwa moja kwenye vidole, lazima masikio yatangulie. Saa kumi nimekaa nje na simu, ng'ombe wangu wanakula majani pembeni, nimefumba macho. Baba akapiga. Baba akafoka. Nikatabasamu.

Akafoka tena. Sauti safi ajabu, hata kukwaruza hakuna! Nikaongeza sauti ya simu. Akafoka mara ya tatu, na safari hii akasema ni mahindi ya Oduol.

Nikafumbua macho. Oduol amesimama shambani kwake, viganja bado mdomoni, na ng'ombe wangu wote wamo ndani. Mistari minne imekwisha. Hakugomba. Alisema tu kwamba somo bado lipo, Jumamosi ijayo. Nikamwambia Jumamosi ijayo nachimba bwawa.

Mama amepiga simu kuuliza mazoezi yanaendaje. Nimemwambia vizuri mno. Halafu nimemuuliza Ghati, hivi hivi tu, kama zinauzwa simu ndogo za kukaa chini ya kofia. Mama alisema bila koti. Kofia hakuitaja.