Kasha Lisilopoteza Hata Pakiti Moja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Tan Sri, pamoja na mkeo Puan Sri. Waheshimiwa Datuk wenzangu mlioketi mbele, na waheshimiwa Datuk mlioketi nyuma kwa kuwa viti vya mbele vimekwisha (kicheko). Wakurugenzi, manaibu wao na wanaokaimu unaibu. Wauguzi wa Hospitali ya Bukit Selasih. Nanyi wananchi wa Penang mliofuata wali wa nazi wa bure, nasi lemak: salamu tele.

Kama mnavyofahamu, au mnavyopaswa kufahamu, mwezi uliopita mwizi aliingia kwenye mtandao wa hospitali hii akabeba siri za wagonjwa, na fundi wetu wa mtandao, Muniandy, amesimamishwa kazi kwa kushukiwa. Sasa, katika muktadha wa dira yetu ya mageuzi jumuishi ya kidijitali, ieleweke kwamba kompyuta ya kawaida, pakiti za mawasiliano, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, zikija kwa kasi, huelemewa ikadaka hizi na kuangusha zile. Ndiyo maana mwaka jana, kwa ubunifu wangu mwenyewe, tulisimika kasha hili lenye kadi maalumu inayozidaka na kuzirekodi zote bila kuisumbua kompyuta, na leo tunalizindua kwa mara ya tatu. (Makofi, yakiongozwa na katibu wangu.) Tazameni skrini! Pakiti zilizopotea: sifuri! Wenzetu wanahangaika na asilimia tisini na tisa, sisi tuna mia!

Naona mkono. Aa, Puan Kalaivani, mke wa Muniandy. Sema, ila usitumalizie muda.

(Puan Kalaivani: "Datuk, nipe rekodi ya siku ya wizi tu. Itaonyesha mwizi alitokea wapi, mume wangu arudi kazini." Minong'ono.)

Alaa! Rekodi haigawiwi kama karanga, mama.

(Puan Kalaivani: "Haya, tusomee basi mstari wa chini. Zilizopokelewa ni ngapi?")

Zilizopokelewa... sifuri. Naam! Sifuri imeingia, sifuri imepotea, uwiano kamili!

(Kicheko. Sauti kutoka nyuma: "Hata ndoo yangu iliyotoboka haivuji, lah, haina maji!")

Chekeni tu, meno hayalipiwi kodi. Data salama! Data salama! (Sauti: "Iko wapi?")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Encik Chong, seremala, kwa kasha zuri la mninga. Jirani yangu, kwa taa za sikukuu ya Deepavali zinazomemeteka humo ndani. Na kamati ya ununuzi, ambayo bado inajadili kadi iwe ya rangi gani. Na kwa moyo mkunjufu namshukuru Muniandy, aliyelifungua kasha hili mwaka jana akatupigia kelele kwamba ni tupu. Kwa kuwa ndiye pekee aliyejua mwizi hataonekana, jamani, tungemshuku nani mwingine?

Ahsanteni. Tan Sri, weka kiganja juu ya kioo cha uzinduzi, moshi wa sherehe uanze.