Bega Skrini ya Tatu, Mkono Skrini ya Kumi

Kibanda cha Ushonaji cha Wanza,
Komarock, Nairobi.
Jumanne.

Kwa Mhandisi Mumo,
mpwa wangu mpendwa,

KUH: PROGRAMU YA SIMU ULIYONITENGENEZEA

Natumai kazi huko Mombasa inaendelea vyema na Ijumaa utarudi salama, tayari kwa harusi yako Jumamosi. Mimi nilianza na cherehani ya kukodi, leo ninazo nne, na sijawahi kumlalamikia mtu kwa maandishi. Wewe ndiwe wa kwanza.

1. Programu yako ya kupokea vipimo vya wateja ina skrini kumi na nne. Bega liko skrini ya tatu, mkono skrini ya kumi. Mwanangu, umewahi kuona bega na mkono vikiishi mbali hivyo? Wanakwaya watakaoimba harusini mwako ni thelathini na wanne. Zidisha: skrini mia nne sabini na sita. Kwa daftari langu walienea kurasa mbili, na majoho yao yameshapigwa pasi.

2. Haina kumbukumbu. Maurine, kiongozi wa kwaya, alikuwa amefika kiuno, skrini ya tisa, mumewe Willis akampigia kwa simu hiyohiyo kuuliza ufunguo uko wapi. Aliporudi, programu ikamwuliza, "Karibu! Jina lako nani?" Akaniambia, "Wanza, hata Willis husahau kiuno changu, lakini humchukua angalau wiki."

3. Ukitaka kurudi hatua moja, inakutupa nje kabisa. Hata askari wa lango la benki hana haraka hiyo.

4. Nilipolalamika, ulinijibu eti mtumiaji afanye kazi moja kwa wakati mmoja. Mumo! Hivi sasa miguu iko kwa cherehani, pini ziko mdomoni, jicho moja liko kwa maharagwe jikoni, na mkono unaandika barua hii. Kazi nne, na hakuna inayosahau nyingine.

5. Kwa hivyo nimeamua suti yako ya harusi niishone kwa mtindo wako. Koti utalichukua Komarock, mkono wa kulia Njiru, suruali Majengo. Kila kifungo kitakuuliza kama una uhakika. Na simu ya mtu ikilia kanisani, suti yote itarudi kuwa kitambaa, uanze upya kwenye kola, mbele ya mchungaji.

Ukitaka suti kama ya watu wengine, weka vipimo vyote kwa skrini moja ndefu kama ukurasa wa daftari. La sivyo, iondoe hiyo programu leo, nisiione tena.

Nisalimie wenzako wote, pamoja na yule Chege aliyenishauri nizime niwashe. Winny wako hajambo, gauni la bibi harusi limemkaa.

Ni mimi nisiyerudi nyuma,
Shangazi yako Wanza.

Tanbihi: Usiiondoe! Nilipotia sahihi tu, maharagwe ya namba nne yalifurika. Nikakimbia, nikashika sufuria kwa kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa daftari. Likatumbukia. Ukurasa wako sasa ni supu. Vipimo vyako vimebaki kwa programu tu, tangu siku ile ulipoijaribu mwenyewe. Nimeingia kuvitafuta. Bega nimepata, kifua nimepata, niko skrini ya tisa, mkono uko hatua moja mbele. Barua hii Winny atakutumia picha kwa simu yake. Yangu isiguswe. Mwambie na mama yako asinipigie.