Ree Kumi na Tatu

Ndugu zangu Hamisi na Kibwana, leo nimevuliwa kanzu mbele ya mkwe. Kosa ni lenu. (Nusu ni yenu. Nusu ni yangu. Nusu iliyobaki ni ya kanzu yenyewe.)

Nianze na safari. Tangu tulipoagana Kilindini nimekata mkonge Tanga, nimebeba magunia Korogwe, nimekuwa karani Morogoro kwa muda wa mvua moja. Mnanijua: nikikaa mahali miezi mitatu, miguu inaniwasha. Lori likanishusha Kibaha nilale usiku mmoja tu niendelee. Pale nikamwona Zuhura, mjane wa Kisarawe, amekuja kumtembelea mdogo wake Shomari, fundi cherehani. Usiku mmoja ukawa miezi minane.

Nina miaka arobaini na mitatu. Sijawahi kuwa na mlango ninaoweza kusema huu wangu. Safari hii niliutaka.

"Baba haozeshi kwa maneno," Zuhura aliniambia. "Atakukalisha kwenye karata. Anasema mtu akishika karata huonekana alivyo."

Nilicheka! Karata? Mimi niliyecheza na mabaharia na makuli, mkanifundisha ninyi wenyewe zile alama za siri? Tungecheza wawili kwa wawili, mimi na Shomari dhidi ya mzee na jirani yake. Basi wiki nzima nikamfundisha Shomari. Nikikuna sikio, ninayo ree ya kopa. Nikikuna shingo, ninaye mfalme wa shupaza. Nikikuna goti, kata kwa turufu. Nikikuna tumbo, usikate, ngoja. Shomari ni mtiifu ajabu. Ukimwambia kitu hakibadilishi. (Kumbukeni hilo.)

Jana akatangulia kwa lori. "Shemeji, na wewe pita barabarani," akasema. "Zunguka Dar, upande Pugu, utafika."

Mtu aliyetembea nusu ya pwani aambiwe njia na fundi cherehani! Leo alfajiri nikashika njia ya mguu, nikakata mapori. Karibu na Kisarawe nikakuta kijito. Nikaitoa kanzu yangu mpya kwenye mfuko, nikaitundika kichakani ikunjuke, nikaoga, nikaivaa. Nikajitazama kwenye maji. Bwana harusi kabisa!

Sikukitazama kichaka.

Mzee Mwinshehe, baba yake Zuhura, alikuwa barazani na jirani yake, Mzee Pazi, mtu asiyesema kitu. Shomari alikuwa ameshakaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, wazee."

"Marahaba. Umepita wapi, mbona lori halijaja?"

"Njia ya mguu, mzee. Ya mkato."

Wazee wakatazamana. Mzee Pazi akaitazama kanzu yangu, akasogea mbali kidogo. Nilidhani ni heshima.

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni maneno ya baraza ile, maana nimezunguka na sijasikia matamu kama hayo. Kule bandarini sisi tulikuwa na matusi tu. Hawa wanacheza kama watu walioalikwa chakula. Kuchanganya karata wanaita kupika. Kugawa ni kupakua. Ukishinda mzunguko, umekula. Usiposhinda hata mmoja mpaka karata zikaisha, umelala njaa. Karata ndogondogo ni posho. Na ree, ile inayozishinda zote za aina yake, ukiificha mkononi usiitoe, hiyo ni mwali: yumo ndani, hajaonwa na mtu. Senti haiwekwi. Mzee hataki hata kusikia neno kamari. Wanacheza kwa ajili ya maneno hayo na sifa, basi.

"Nimeshapika," akasema mzee, "napakua." Vidole vyake! Karata kumi na tatu kwa kila mtu zilianguka mbele yetu kama tasbihi inayohesabiwa. Akazitazama zake mara moja tu, akazifumba. Hakuzitazama tena. Alishazijua zote, na nadhani alishazijua na zangu.

Mimi nilikuwa na turufu tano. Nilikuwa na furaha.

Ndipo sikio likaniwasha.

Nikakuna kidogo. Shomari macho yakamng'aa: ree ya kopa tunayo! Akatupa kopa kwa kujiamini. Mzee Pazi akakata kwa turufu, akala. Shingo nayo ikashika moto. Nikakuna. Shomari akatupa shupaza. Wakala tena. Hapo nikaelewa. Upupu! Kichaka kile kilikuwa upupu uliokauka, na mimi nimeuvaa wote pamoja na kanzu.

Ningesema, ningekubali kwamba ile njia ya mkato ilinishinda. Nikakaa kimya kiume. Kiume haikusaidia. Tumbo likawasha, nikakuna. Goti, nikakuna. Goti na tumbo pamoja, kwa mikono miwili. Turufu zangu tano nilizitupa bila kutazama, ili mkono urudi kukuna. Maskini Shomari, jasho likimtoka, alikuwa akishika karata, akiirudisha, akishika nyingine. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Shemeji, amua!" akapiga kelele. "Nikate au nisikate?"

Nyuma ya pazia la mlango nikasikia mtu anajizuia kucheka. Nilimjua.

Mzee Mwinshehe hakuinua macho. Aliendelea kula, taratibu, kwa adabu, mpaka kila mtu akabaki na karata moja. Hatukuwa tumekula hata mara moja. Akaiweka yake chini polepole.

Ree ya kopa.

"Mwali wangu huyu," akasema. "Hajatoka ndani tangu tuanze. Lakini wewe, mwanangu, umemwambia mwenzio unaye. Nimehesabu. Mara kumi na tatu."

Mzee Pazi akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Sikio ree, shingo mfalme, goti kata, tumbo ngoja. Sisi tulizipiga alama hizo kambini jeshini, wewe hujazaliwa." Kisha akaongeza: "Na hiyo kanzu ina upupu. Nimeuona tangu ulipokuwa kwenye michungwa ile ya njiani."

"Vua," akasema mzee.

Nikavua. Barazani, mchana kweupe, nikabaki na msuli na aibu. Zuhura akatoka na sinia la majivu, akanipaka mgongo mzima mbele ya wazee, machozi ya kicheko yakimdondokea. Mtu mzima, mweupe kama mwali wa kuchezwa unyago! Nikasema moyoni, imekwisha, nichukue mfuko wangu nirudi njiani.

"Mzee, nilikuja kudanganya," nikasema. "Naomba radhi. Naondoka."

"Ukae hapo." Alikuwa akizikusanya karata. "Wameshakuja watatu kumposa huyu. Walicheza vizuri, na mpaka leo sijui walikuwa na nini mikononi. Wewe nimekuona mpaka tumboni. Siku ukitaka kumdanganya binti yangu, tutajua wote kabla hujamaliza kujikuna." Akamtazama Zuhura. "Wewe unasemaje?"

"Apakwe na kichwani, baba," akasema Zuhura. "Na awe anaambiwa njia, asikie."

Basi nimepewa mke. Karata nimepigwa marufuku kwenye baraza ile maisha. Alama zenu nimeziacha leo, na safari nimeziacha leo. Miguu bado inaniwasha, ila safari hii ni upupu.

Harusi ni baada ya mavuno. Msicheke mpaka mfike. Na mkija, tafadhali, piteni barabarani.