Idara Yapiga Marufuku Kuanguka kwa Twiga

Jumatatu asubuhi, Idara ya Uzazi Salama wa Wanyamapori, yenye makao makuu Thika, ilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna twiga atakayeruhusiwa kuzaliwa kwa kuanguka.

Aliyegundua aibu hiyo ni Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Ephantus Kinuthia. Akiwa kitandani kwake mtaani Kamenu alitazama video ya mama twiga akizaa amesimama wima, mtoto akaporomoka karibu mita mbili, kichwa mbele, hadi chini. Kinuthia akakosa usingizi. Alimwamsha mkewe kumwambia kwamba nchi yenye katiba haiwezi kupokea watoto namna hiyo.

Kamati ikaundwa, ikanywa chai, ikapitisha sera: twiga wote wajawazito watazaa wakiwa wamelala. Katika hifadhi moja ndogo nje ya Ruiru kulikuwa na twiga aliyeitwa Kui, mwenye mimba ya miezi kumi na tano, na Kinuthia akaenda kumhamasisha ana kwa ana. Alimweleza sera yote kwa upole. Kui alimtazama kutoka juu huku akitafuna majani ya mgunga, jinsi mkubwa anavyomtazama mwananchi kwa dirisha.

Siku uchungu ulipomshika, Mkurugenzi alifika na godoro nene kutoka Eneo la Viwanda, wapiga picha, na naibu wake, Tabby. Godoro likatandikwa nyuma ya Kui. Kui akalinusa, akahama. Wakalivuta, akahama tena. Wakazunguka boma lote hivyo, jasho likiwatoka, na kwato za mtoto tayari zinachungulia.

"Bosi, wachana nayo," Tabby akasema. "Itaanguka tu, na itakuwa sawa."

"Tabby, serikali haiwezi kusimama kando mtoto akianguka."

Na kweli haikusimama kando. Iliingia chini ya twiga na suti yake, mikono imekunjuliwa.

Mtoto alikuwa mzito kama gunia la mahindi. Alipotua alipiga chafya, akavuta pumzi, akatikisa masikio. Saa moja haikuisha kabla hajasimama, akiyumba kama mlevi, akatafuta titi. Mkurugenzi hakusimama. Alibebwa kwa machela, na video ikafika hadi mtaa wa Gitothua kabla hata ambulensi haijawasha king'ora.

Hospitalini, mguu juu na plasta hadi kiunoni, Kinuthia alikuwa na furaha tele. Alikuwa akingoja nishani. Badala yake akaja Tabby, amebeba matunda na uamuzi wa kamati. Wamechunguza, akaeleza, na kumbe mtoto wa twiga akianguka ndipo anapumua vizuri. Wanaoumia kwa kuanguka ni wakubwa. Kwa hivyo, kwa usalama wake, cheo chake kimeteremshwa, na meza yake imehamishwa kutoka ghorofa ya nne hadi karibu na geti.

Kinuthia akauliza ni nani sasa atakaa kule juu, penye hatari.

"Mimi," Tabby akasema kwa huzuni. "Lazima mtu ajitolee."